Logini ya Python mnayotufundisha ni mlango wa pazia

Wakuu, nina hasira na nitaandika nayo hivyo hivyo.

Mwaka jana nililipa 120,000 kwa mwalimu mmoja wa mtandaoni, jina nalihifadhi, anifundishe Python, lugha ya kuandikia programu. Somo la mwisho likawa mfumo wa logini: jisajili, ingia, toka. Nikanakili mstari kwa mstari, ukakubali mara ya kwanza, nikajiona fundi. Nikaupeleka kwenye kikoba cha mama mdogo, wakaanza kuandikia michango humo.

Juzi mtoto wa mwanachama mmoja, yupo kidato cha sita, akaniomba kompyuta dakika moja. Kwenye jina akaandika x. Kwenye nywila akaandika ' OR '1'='1. Akaingia! Tena hakuingia kama mtu wa hivi hivi, aliingia kama mweka hazina, maana mweka hazina ndiye wa kwanza kwenye jedwali. Mama mdogo kakaa pale pale anatazama.

Nikarudi kuukagua ule msimbo. Jina na nywila vimechomekwa ndani ya amri ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) kwa f-string, yaani maandishi ya Python yanayomeza chochote ulichoandika; ndiyo maana ile '1'='1 ya kijana ilisomwa kama sehemu ya amri, nayo ni kweli siku zote. Nywila za akina mama 23 zimelala wazi kwenye faili la hifadhidata la SQLite, unazisoma kama daftari la mahudhurio. Na mnajua wenyewe, wengi wameweka namba ile ile ya siri ya simu.

Kumwuliza mwalimu, eti "ile ilikuwa ya kujifunzia tu". Siku ile mbona hukusema? RockYou, kampuni ya programu za mitandao ya kijamii, walivuliwa nguo mwaka 2009, nywila zaidi ya milioni 32 zikiwa wazi hivi hivi. Si siri ya jana hiyo.

Kinachoniuma zaidi, dawa yake ni fupi. Unaweka alama ya ? kwenye amri, thamani unazipitisha pembeni:

cur.execute("SELECT chumvi, hashi FROM watumiaji WHERE jina = ?", (jina,))

Hiyo koma baada ya jina msiiache, ilinila saa nzima. Nywila unaipitisha kwenye hashlib.scrypt, inayoigeuza kuwa hashi, alama ambayo huwezi kuirudisha kuwa nywila, pamoja na chumvi, yaani baiti za kubahatisha, ya os.urandom(16), kila mtu ya kwake. Vyote vinakuja na Python yenyewe, husakinishi kitu. Na wewe unayekimbilia kuniambia MD5, ile njia ya zamani ya kutengeneza hashi, kaa pembeni kwanza: ile ina kasi, na kasi ndiyo anayoitaka mwenye kukisia.

Mistari kumi hivi. Ilimshinda nini? Somo lake bado linauzwa, na wiki hii kapandisha bei.