Mtoto kaanza chekechea, kila wiki anaumwa. Nyie mnafanyaje?

Mama Madera, Tabata
Habari zenu wazazi wenzangu. Nimechoka hadi nasinzia kwenye daladala napitilizwa kituo. Binti yangu ana miaka mitatu na miezi minne, kaanza chekechea Januari. Zamani alikuwa na kamafua ka hapa na pale basi. Sasa hivi mafua yakiisha Ijumaa, Jumanne kikohozi kimeingia. Juzi juzi kaharisha. Nauza madera Kariakoo, nisipofungua hakuna hela. Baba yake ni dereva wa lori, akitoka Tunduma anakwenda Lubumbashi. Dada wa kazi aliaga Pasaka anakwenda kumzika shangazi yake, hadi leo anazika.

Nikiri kosa. Jumatatu usiku mtoto alichemka. Saa kumi na mbili asubuhi nikampa panadol ya maji, joto likashuka, nikampeleka. Mwalimu sikumwambia kitu. Saa tano simu ikaita, "mama, njoo." Nikamkuta kalala kwenye mkeka ofisini. Mwalimu hakunisema, aliniangalia tu. Bora angenisema. Duka la dawa wakanipa amoksisilini, chupa ya tatu mwaka huu. Jirani ananiambia nimtoe hadi afike miaka mitano. Nimtoe?

Baba Pacha, Mbagala
Usimtoe. Wangu walipoanza, mmoja akipona mwenzake anaanza, tukawa kama tunapokezana zamu na virusi. Kliniki walituambia watoto wa umri huo wakikusanyika pamoja, mafua mara 8 hata 12 kwa mwaka si ajabu. Mwaka wa pili wakatulia. Jirani yako atakulipia ada ya miaka yote hiyo ya kukaa ndani?

Nesi Mstaafu
Mwanangu, hiyo chupa ya tatu ndiyo imenifanya niandike. Mafua ni virusi, amoksisilini haivigusi. Unachofanya ni kufuga vijidudu sugu. Halafu homa ya Dar haibahatishwi. Tone la damu kidoleni, robo saa hivi majibu ya malaria yametoka. Hajapimwa, usimpe mseto, ile dawa ya malaria.

Akiharisha, pakiti ya ORS inakwenda kwenye lita moja ya maji safi, ile chupa ya lita moja ndiyo kipimo chako. Nimeona kina mama wanaimimina yote kwenye kikombe cha chai! Zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10, hata choo kikifunga siku ya tatu.

Akikohoa, mfungue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake zikifika 40, au mbavu zinabonyea, au hanywi, anatapika kila kitu, ana degedege, usingoje kukuche. Chukua bajaji.

Mwalimu wa Awali, Kimara
Dada, mtoto wa panadol ya alfajiri tunamjua. Anacheza vizuri mpaka saa nne au tano, kisha anajitenga. Kamasi hatuzikatai, tungekuwa tunafundisha mikeka mitupu. Ila homa, kuharisha, kutapika, macho yenye matongotongo, abaki nyumbani. Homa ikikata, apitishe siku nzima bila dawa ndipo arudi. Tetekuwanga hadi vipele vyote vikauke. Mnakumbuka macho mekundu ya Januari 2024 hapa mjini? Kwangu alikuja mmoja Jumatatu, Ijumaa nikawa nimefumba la kwangu. Tuambieni ukweli getini, hatumpigi mtu.

Mama Madera, Tabata
Shikamoo mama nesi. Nimempima leo, malaria hana, daktari kasema ni mafua na ile dawa niiache. Mpangaji mwenzangu muuza vitumbua anamaliza biashara saa tatu. Kakubali kukaa naye siku za homa, mimi nimbebee mchele na nazi kutoka Kariakoo. Kwa hiyo siku hizo nitafungua saa nne, wateja watanisamehe. Mwalimu wake kesho naanza naye kwa samahani. Mama, ile chupa imebaki nusu, ipo kwenye friji ya mwenye nyumba. Niitunze?

Nesi Mstaafu
Marahaba. Usiitunze, na mwenye nyumba asije akampa mjukuu wake.