Kichanga hajapata choo hadi siku ya tatu: tusubiri neva za utumbo zikomae?

NesiMbagala: Wakuu, kichanga wa kiume, kilo 3, mimba ilitimia. Choo cheusi cha kwanza kimetoka siku ya tatu, baada ya kupimwa kwa kidole, kikaruka pamoja na upepo mwingi. Tumbo limejaa tena na leo katapika kijani. Bibi yake anasema utumbo ungali mchanga, utafunguka. Kuna ukweli? Na akisafishwa utumbo kupitia njia ya haja kubwa, maji kiasi gani?

DktWatoto: Dada, matapishi ya kijani hayasubiriwi, huenda utumbo umejisokota. Acheni kunyonyesha, wekeni mrija wa puani na dripu, mpeni rufaa Muhimbili leo hii.

Kuhusu bibi: mtoto aliyetimiza miezi hupata choo ndani ya saa 48. Seli za neva za utumbo hutokea upande wa kisogo wa kiinitete na kuteremka kutoka kooni kuelekea njia ya haja kubwa, wiki ya 4 hadi ya 7 ya ukuaji. Zikiishia njiani, haziendelei na safari baada ya kuzaliwa. Kipande kisicho na seli hizo hubana muda wote bila kulegea, na juu yake utumbo unatanuka. Ndio ugonjwa wa Hirschsprung, takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi. Kupandikiza seli shina bado kuko maabara. Tiba ni kukata kipande hicho na kushusha utumbo wenye neva.

Kusafisha kufanyike hospitali, baada ya picha ya dawa (eksirei ya utumbo baada ya kuingiza dawa inayoonekana kwenye picha); mkitangulia kusafisha, tofauti ya upana wa utumbo hupotea. Tumieni sodiamu kloridi 0.9% ya uvuguvugu, mrija laini, ml 10–20 kwa kilo, yanayoingia yatoke. Maji ya bomba ni hatari: hunywewa na utumbo, sodiamu ya damu ikashuka, mtoto akapata degedege.

MaabaraTishu: Naongeza: picha pekee haithibitishi Hirschsprung. Kipande cha nyama cha kupimwa kichukuliwe sm 2 juu ya mstari wa meno (mpaka wenye ukingo kama meno ndani ya njia ya haja kubwa), kifike tabaka lililo chini ya utando. Kikichukuliwa chini zaidi, hata mtoto asiye mgonjwa huonekana hana seli za neva.

NesiMbagala: Asante daktari, mrija umewekwa, gari linakuja. Akishapasuliwa tuangalie nini huku zahanati?

DktWatoto: Tumbo kujaa, homa, kuharisha kwa harufu kali: hizo ni dalili za uvimbe wa utumbo. Msimpe dawa ya kufunga kuhara, arudishwe siku hiyohiyo: uvimbe huo huua, na hutokea hata baada ya upasuaji uliofanikiwa.