MREJESHO: Ile programu ya shule
Wakuu nimerudi. Niliuliza kama kuna programu moja ya kuendesha shule yetu binafsi huku Buswelu, Mwanza, na hapo hapo isimamie ujenzi wa madarasa mawili. Nilianza na Gibbon, programu ya kuendesha shule, ni ya bure kweli ila inataka mtu wa kushika seva (kompyuta inakokaa programu), nikaogopa nikalipia programu ya jamaa mmoja, mama mmoja mzazi akalipa ada awamu mbili risiti ikatoka moja, akaja juu ofisini kashika simu ina meseji zote mbili, dah! Nimerudi Gibbon, kijana wa chuo ananishikia seva. Ujenzi nimeuweka Trello, programu ya kupanga kazi kwa kadi, saruji kadi yake, nondo kadi yake, fundi anarusha picha toka saiti. Mliosema nisichanganye shule na ujenzi kwenye programu moja, asanteni.