Yule bwana wa kipaza sauti kamtoa George Eliot mezani eti "ni mwanaume"

Mkorosho Mkavu (mleta uzi), Mtwara Mjini

Wakuu, jina silitaji. Wa hapa Mtwara mnamjua, ni yuleyule. Kipaza sauti lazima kiishie mkononi mwake: harusi yeye, mnada yeye, kuaga maiti yeye, na siku ya kiyama malaika atapuliza parapanda huku jamaa anasema "tumpigie makofi".

Leo jioni ilikuwa meza ya waandishi wanawake wa dunia. Watu wamesota kupanga vitabu juu ya kitenge, wametoka Ur, mji wa kale huko Iraki, mpaka Seoul. Bwana akaja, akaikagua meza kama mpima madaraja ya korosho ghalani. Akakiokota Middlemarch KWA VIDOLE VIWILI, akasoma jina jaladani, akatangaza: "Huyu mzee George kaingiaje kwa akina mama? Mtoeni." Na watu wakapiga makofi!

Vidole viwili, jamani.

Huyo "mzee" kazaliwa 1819 na jina lake ni Mary Ann Evans. "George" kalitoa kwa mwenzi wake, George Henry Lewes. Riwaya ya Adam Bede ilipotoka 1859 ikachangamkiwa, watu wakamvumisha mwanaume mmoja, Joseph Liggins, kuwa ndiye kaiandika, mpaka mama wa watu ikambidi ajitokeze. Zaidi ya miaka 160 imepita, leo Liggins kafufukia Mtwara na safari hii ana spika mbili.

Ngojeni, sijamaliza. Middlemarch imeondoka, pengo limebaki. Bwana kalizibia nini? "Dada yetu Joyce." Joyce Cary! Dada Joyce kwa jina kamili ni Arthur Joyce Lunel Cary, bwana shauri wa kikoloni huko Nigeria, na hilo Joyce ni jina la ukoo wa mama yake. Ndiye kaandika Mister Johnson mwaka 1939, riwaya iliyomkera Achebe akiwa chuoni. Na kakaa wapi mezani? Ubavuni kwa Flora Nwapa, Mnigeria mwenyewe, aliyetoa Efuru 1966. Bwana shauri kapewa kiti kwa akina mama, mama mwenyewe kabebwa kwa vidole viwili.

Sina hoja. Nina hasira. VIDOLE VIWILI.

Pweza wa Shangani

Bila picha hii ni chai.

Binti Msimbati

Si chai, spika zilisikika mpaka sokoni. Na mbona hujasema alivyomtambulisha Murasaki Shikibu: "mwandishi chipukizi kutoka China"? Chipukizi! Hadithi ya Genji ni ya mwanzoni mwa karne ya 11, Japani, sura 54. Akichipua zaidi ya hapo atafika dari.

Chikongola Mjanja

Mleta uzi ana hasira za mtu aliyeinunua Middlemarch akakwama sura ya tatu. Pole mkuu. Hata Waingereza wenyewe walipewa kwa mafungu manane, 1871 mpaka 1872, ili wapumue.

Mkorosho Mkavu

Sura ya tatu nimeipita zamani. Nijibu swali: vidole viwili wewe unaona sawa?

Chikongola Mjanja

Vingekuwa vitatu ungetulia?

Koplo Mstaafu

Msimwonee mwenzenu. Mwaka 2016 jarida la Time la Marekani lilimwingiza Evelyn Waugh kwenye orodha ya waandishi wanawake, na Evelyn Waugh ni dume zima. Waliokosea walikuwa na ofisi, kompyuta na wahariri. Huyu wetu ana kipaza sauti tu.

Mtunza Rafu wa Lindi

Mnamlaumu mshika kipaza, kosa limeanzia kwa aliyepanga. Vitabu vimewekwa bila kadi, mnategemea nini? Mwandishi hatambuliwi kwa jalada. Fungua ukurasa wa jina la kitabu, geuza nyuma yake penye haki za kunakili, wakati mwingine jina la kuzaliwa na mwaka viko hapo. Kisha andika kadi mbili. Moja "Eliot, George", hiyo ndiyo inakaa na kitabu. Ya pili "Evans, Mary Ann, tazama Eliot, George". Ukiandika moja tu, anayemtafuta kwa jina jingine ataambiwa hayupo, na kesho mtu wa vidole viwili atamtoa.

Msidhani ni shida ya Wazungu. Penina Muhando wa tamthilia za Hatia na Nguzo Mama ndiye huyohuyo Penina Mlama. Kitabu chake cha 1991 cha sanaa za maonyesho kina majina yote mawili jaladani. Kuna rafu huku kwetu zimemkata vipande viwili, nusu M-l, nusu M-u, na wanafunzi wanaapa ni watu wawili. Emily Ruete vilevile: ni Sayyida Salme wa Unguja, kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani 1886. Ukimweka R bila kadi ya S, hakuna Mswahili atakayemwona. Mariama Bâ nenda B, hata kama mpiga chapa amekula kile kikofia cha juu. Na Mwana Kupona binti Msham, nawasihi, nenda M ya Mwana. Nimechoka kumkuta chini ya "Binti".

Pweza wa Shangani

Kumbe kuna watu wana hasira kuliko mleta uzi.

Binti Msimbati

Umemtaja Mwana Kupona umenichokoza. Kila shughuli ya kumfunda mwari wanachomoa beti zilezile za kumtii mume, basi. Ule utendi ni wa mama mgonjwa, mnamo 1858, anamwachia bintiye Mwana Hashima maneno kabla hajafa. Tangu mwanzo anamwita akae karibu, alete wino na karatasi. Binti anaandikishwa, hakai kusikiliza tu! Yule bwana alisoma beti mbili akarukia tangazo la soda. Mimi hilo ndilo limenichoma, hao kina George wakae London.

Mkorosho Mkavu

Tusihame mada. VIDOLE.

Salfa Nyeupe

Mimi nahama. Amesema mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya fasihi ni Toni Morrison. Morrison ni 1993, ni mwanamke mweusi wa kwanza. Wa kwanza kabisa ni Selma Lagerlöf wa Sweden, 1909. Mpaka Han Kang wa Korea Kusini 2024 wamefika 18. Na wadau mbona hamjiulizi kwa nini Enheduanna alikuwa kwenye kikaratasi cha mkono badala ya kitabu? Binti wa Mfalme Sargon wa Akkad, kuhani wa Ur, takriban miaka 2300 kabla ya Kristo, ndiye mwandishi wa kwanza duniani tunayemjua kwa jina. Kapewa nusu ya A4 na kalamu imekatika wino.

Ligula Usiku

Nusu A4 ni heshima. Hamkuona Barua Ndefu Kama Hii, ile riwaya ya Mariama Bâ? Kurasa zinadondoka kama inatawanya mirathi. Vitabu hapa Mtwara vinakufa kwa joto na unyevu wa bahari, na anayeuza anajua. Nani wa kulalamikiwa?

Mtunza Rafu wa Lindi

Lawama ni ya ile gundi ya kiwandani ya kuyeyusha. Ikipata joto inalegea, ikizeeka inakatika, karatasi zinaachia moja moja kuanzia katikati. Msibandike selotepu! Inageuka njano na kubaki na utando unaonata mpaka kwenye maandishi.

Kwangua gundi ya zamani mgongoni kwa wembe, taratibu. Panga kurasa kwa namba, zigonge mezani zilingane, bana kati ya mbao mbili, mgongo utokeze kidogo tu. Paka gundi nyeupe ya seremala, nyembamba, laza kipande cha kitambaa chepesi juu yake, paka tena. Acha mpaka kesho yake bila kufungua. Wengi wanaharibu hapo: wanapaka nene ili ishike, inakauka ngumu, kitabu kikifunguliwa mara moja tu mgongo unapasuka.

Ligula Usiku

Kipande cha kanga kinafaa?

Mtunza Rafu wa Lindi

Kikuukuu ndiyo. Kipya kifue kwanza, kile kigumu cha dukani hakinywi gundi.

Chikongola Mjanja

Mkiwa hapohapo, kuna fotokopi za Nguzo Mama zinauzwa pale stendi, kurasa zimepigwa mshazari mpaka majina ya wahusika yamekatwa, hujui nani anaongea. Na bei ni ileile ya kitabu halisi. Hawa nao wana uzi wao?

Koplo Mstaafu

Fungua wewe, nakuja na risiti.