Ameweka chupa ya bia juu ya kazi yangu! Huyu mzee wa barua za mapendekezo amezidi!

Binti Katuba:
Wandugu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaosoma humu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Nimetoka kwake sasa hivi, viatu bado viko mguuni. Jina silitaji, hakuna haja, mnamjua. Yule ambaye kila maonyesho ya sanaa mjini hapa lazima akate utepe yeye. Yule akishika kipaza sauti watu wanasinzia, wanaamka, wanachumbiana, wanazaa, wanaozesha watoto, yeye bado yuko kwenye kushukuru mamlaka. Huyo huyo.

Ameweka chupa ya bia juu ya kazi yangu.

Ninaomba nafasi ya masta ya sanaa Marekani, ile ya studio wanayoiita MFA. Unakaa kwa kawaida miaka miwili, una chumba chako cha kufanyia kazi, walimu na wenzako wanaingia kuichambua kazi mbele yako. Wanaangalia kwanza picha za kazi zako. Shule nyingi zinataka kati ya 10 na 20, kila moja na jina lake, mwaka, vifaa na vipimo. Halafu maelezo mafupi ya unachofanya na kwa nini, karatasi ya alama za chuo, na barua tatu za watu wanaoijua kazi yako. Barua mbili nilishapata, na waliotoa Mungu awabariki. Ya tatu ndiyo iliyonipeleka kwa mheshimiwa.

Akaniambia njoo pale ninapokaa. Mnapajua, kwenye michopo, pale pa nyama choma na bia, chini ya mwembe. Nikaenda na potifolio niliyoichapisha kwenye karatasi nzito isiyong'aa, kila kazi ukurasa wake, maana nilitaka azione rangi zilivyo, asizione kwenye simu yake iliyopasuka kioo. Nimelipa kwa dola, wandugu. Ya juu kabisa ilikuwa bibi yangu, amekaa nyuma ya samaki wakavu sokoni, komini ya Kenya ya hapa hapa Lubumbashi. Ile kazi niliipaka kwa udongo mwekundu wa hapa hapa. Niliuponda, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi nyeupe ya maseremala. Uso peke yake ulikula msimu mzima wa mvua, kwa sababu udongo ukikauka rangi inapauka na unaanza upya.

Mzee akaangalia. Akashika chupa yake ya Simba, ya baridi, inatoka jasho, akaitua. Siyo mezani! Meza ilikuwepo, kubwa, haina kitu, ingeweza kulaza maiti wawili. Akaitua juu ya uso wa bibi.

Halafu akasema: "Masta ya kupaka rangi? Kupaka rangi mtu anasomea? Binti, tafuta bwana."

Meza nzima ikacheka. Mchoma nyama naye akacheka, wakati kibao cha biashara yake nimekipaka mimi!

Mimi naangalia karatasi. Maji yanashuka kwenye chupa, yanaingia, wino unavimba, duara linapanuka, jicho la kushoto la bibi linaondoka. Na yeye akainua chupa, akanywa, akaitua tena. Mnanielewa? ALIINUA. Mkono ulikuwa hewani. Alikuwa na meza, alikuwa na kiti cha pembeni, alikuwa na ardhi yote ya Katanga ya kutulia chupa. Akaitua kwenye jicho la kulia.

Kupaka rangi hakusomewi! Na mtu anayesema hivyo anaishi mji ambao Romain-Desfossés alifungua Le Hangar, ile warsha ya wachoraji, mwaka 1946, mle walimopita Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na vile vistari vyake vifupi, Bela aliyepaka kwa ncha za vidole. Hotuba zake zote anawataja hao. Waliokufa anawasifu, sisi tulio hai anatuwekea chupa.

Nikameza mate, nikamweleza kwamba barua haibebwi kwenye bahasha. Shule inamtumia yeye kiungo kwa barua pepe, anaandika, anaipeleka mwenyewe, na mimi siioni. Akasema barua yake haitoki bila muhuri, na muhuri una soda yake, yaani nimpe kitu kidogo. Anadai soda, na bia yake imekaa juu ya bibi yangu!

Mwisho wa kupokea ni kesho kutwa, saa sita usiku ya New York, yaani saa moja asubuhi ya kwetu. Sitaki ushauri. Nataka mniambie ni binadamu gani anaona meza tupu halafu anaitua chupa pale.

Mtu wa Ruashi:
Yaya, minacheka mpaka minalia, unisamehe. Huyo mzee mimi aliniandikia barua zamani, akanisomea kwa sauti mbele ya watu, anajivuna. Ilisema mimi ni mpiga ngoma hodari. Nilikuwa naombea ufinyanzi!

Kijana Kamalondo:
Swali moja. Chupa ilikuwa ya baridi kweli? Pale kwenye michopo umeme umekatika tangu juzi, bia zote ni za moto.

Binti Katuba:
Ya baridi! Nimesema ilikuwa inatoka jasho! Ingekuwa ya moto bibi angekuwa na macho yake hadi sasa!

Kijana Kamalondo:
Basi wana jenereta na hawatuambii. Asante kwa taarifa.

Papa Bel-Air:
Mwanangu, unakwenda kumwomba mtu mzima barua kwenye baa, unategemea akupokee na maua? Sisi mwalimu tulimngojea mlangoni kwa ofisi yake, tumesimama, kofia mkononi.

Binti Katuba:
Papa, kwa heshima zote, ofisi yake ni pale. Sote tunajua. Hata watu wa mabenki wanamfuata pale.

Mchoraji wa Golf:
Dada, unalilia karatasi. Kazi yenyewe si iko nyumbani ukutani? Shule hazitaki karatasi, zinataka faili. Itoe nje asubuhi, iweke kivulini, usitumie flashi, kamera iwe sawa na katikati ya turubai, halafu kata kingo zote ukuta usionekane. Udongo ukipigwa na jua kali unaonekana njano. Mambo kwisha.

Binti Katuba:
Faili ninazo, zote, na ni safi. Umesoma nilichoandika? Faili hazikuwekewa chupa. Aliyewekewa chupa ni bibi, mbele ya watu, na aliyeambiwa atafute bwana ni mimi. Hata angeitua juu ya gazeti lenye uso wa mama yake yeye mwenyewe angesikia vibaya.

Mke wa Fundi, Katuba II:
Mimi nipo upande wako, mdogo wangu. Hilo la "tafuta bwana" ndilo linaloniuma kuliko chupa. Bwana ninaye, naye hanisaidii kuchuja udongo.

Likasi Moja:
Ninyi mnalia chupa. Njooni mlie na mimi. Ofisi ya kutoa karatasi za alama, mnaijua, ile yenye dirisha dogo. Kabati lina ufunguo mmoja, mwenye ufunguo yuko matangani, matanga hayaishi. Nimepata karatasi hatimaye, nina asilimia 72. Kwetu hiyo ni distinction, nyumbani walichinja mbuzi. Huko ninakoomba ukiwapa 72 bila maelezo wanaona mwanafunzi wa kusukumwa! Shangazi yangu alinipigia vigelegele kwa alama ambayo kwao mtu anaificha. Mtu angeniwekea chupa kumi juu ya uso kama angenipa tu karatasi inayoeleza jinsi alama zetu zinavyotolewa.

Mtu wa Ruashi:
Likasi, waombe chuo wakuandikie maelezo ya viwango, yenye kuonyesha distinction inaanzia 70. Kuna shule zinayakubali.

Likasi Moja:
Waniandikie nani? Mwenye ufunguo yuko matangani!

Kolwezi kwa Mawe:
Mimi mtihani wa Kiingereza wa kufanyia nyumbani. Unatakiwa uwe peke yako chumbani, kamera imewaka, macho kwenye kioo, asiingie mtu. Nikawatangazia nyumba nzima, nikafunga mlango kwa kamba. Nikiwa katikati ya kuongea, baba mkwe akapitisha kichwa dirishani kuuliza kama nimekula. Dirishani! Nilikuwa nimefunga mlango, sikujua nifunge na ukoo. Mtihani ukakataliwa na pesa imekwenda.

Kijana Kamalondo:
Ulimjibu kwamba umekula?

Kolwezi kwa Mawe:
Nilimjibu kwa Kiingereza, nikidhani ni sehemu ya mtihani.

Asiyelala wa Kampemba:
Haya yote ya nini? Yule msanii wa picha, Sammy Baloji, hapa hapa chuoni kwetu alisomea fasihi na sayansi za jamii, siyo picha, na mwaka 2015 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice. Yeye na wenzake ndio walioanzisha kile kikundi cha sanaa kinachoitwa Picha, tukapata bienale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ya mji huu tangu 2008. Mzee amekosea kuweka chupa, lakini neno lake lina ukweli. Kipaji hakiombi barua.

Binti Katuba:
Nilijua mtu atamleta Baloji. Na mwaka 2019 akaanza udaktari wa sanaa Antwerp, Ubelgiji. Udaktari! Kwa hiyo huyo unayemtumia kunizuia, yeye mwenyewe ameingia darasani akiwa ameshafika Venice. Mimi sijafika Venice, nimefika kwenye michopo, na nilichokuta ni chupa. Ninataka chumba chenye mwanga, ninataka watu wanaoangalia kazi kwa saa nzima kabla ya kusema neno. Huyu mzee aliangalia kwa muda wa kufungua bia.

Asiyelala wa Kampemba:
Sawa, hilo la Antwerp sikulijua. Chupa bado ilikuwa nusu au imejaa?

Mama Uganda:
Kwa nini wote mnakimbilia Marekani? Makerere iko Kampala, sanaa inafundishwa pale tangu Margaret Trowell alipoanzisha mwaka 1937, na masta ya sanaa ipo. Utafika kwa basi kama una moyo.

Papa Bel-Air:
Na Kinshasa je? Akademia ya Sanaa ina mizizi ya mwaka 1943, shule ya Frère Marc kule Gombe-Matadi. Watoto wa siku hizi mnapaita Kinshasa mbali, New York mnaiona karibu.

Kolwezi kwa Mawe:
Papa, Kinshasa lazima twende hata hivyo! Visa ya Marekani inaombewa wapi? Tiketi ya ndege kwenda kujibu maswali ya dakika tatu!

Mke wa Fundi, Katuba II:
Kabla ya visa kuna ada ya maombi, na ada unalipia kwa kadi kwenye intaneti. Hapo ndipo anapoingia yule kijana wa kadi. Mnamjua.

Mtu wa Ruashi:
WA KADI! Nilikuwa nangoja mtu amtaje. Anakulipia dola 60, anakutoza dola 80, na bado anataka umshukuru. Ukimwuliza hizo 20 ni za nini anasema ni za hatari. Hatari gani? Amekaa kwenye kiti cha plastiki na feni inampuliza!

Likasi Moja:
Kwangu alilipia shule nyingine kabisa. Niliandikiwa na chuo nisichokijua, wananikaribisha, wanasema wamepokea ada yangu ya uuguzi wa mifugo.

Mchoraji wa Golf:
Baadhi ya shule zinasamehe ada ukiandika mapema na kueleza hali yako. Mapema, siyo usiku wa mwisho. Hilo mlijue.

Binti Katuba:
Ada nilishasamehewa, niliandika mapema. Turudi kwenye chupa. Mtu aliye karibu na pale anaweza kwenda sasa hivi kuangalia kama potifolio bado iko mezani? Niliondoka bila kuichukua, sikutaka kumwona akiitua mara ya tatu.

Kijana Kamalondo:
Niko hapa hapa, nimekuja kuhakikisha habari ya bia baridi. Mzee hayupo. Karatasi ziko kwa mchoma nyama, anasema anakutunzia. Moja amefungia nyama ya mteja, lakini anaapa ilikuwa ile tupu ya nyuma. Na bia ni za baridi kweli, watu wa humu njooni.

Binti Katuba:
Mwambie asiguse tena hata moja, nakuja. Na barua nimeshapata mtu mwingine, mwalimu wangu wa zamani wa kuchora, amefungua kiungo sasa hivi na anaandika. Bila soda. Lakini ile chupa sitaisahau!

Asiyelala wa Kampemba:
Hongera. Samahani, hiyo karatasi nzito isiyong'aa uliichapishia wapi? Mimi kila nikichapisha, watu wangu wote wanatoka zambarau.

Mchoraji wa Golf:
Zambarau? Basi umekwenda kwa yule wa karibu na posta.

Asiyelala wa Kampemba:
Huyo huyo! Anasema ni rangi ya kisasa! Nimempelekea picha ya harusi ya dada yangu, bwana harusi katoka amevimba, zambarau, mchungaji zambarau, keki peke yake ndiyo imetoka na rangi ya ngozi ya mtu!

Mke wa Fundi, Katuba II:
Ngojeni. Huyo ana picha za ubatizo za mtoto wangu tangu Pasaka. Mtoto sasa anatembea.

Papa Bel-Air:
Ana kitambulisho changu pia. Nilikwenda kutoa kopi.

Asiyelala wa Kampemba:
Namfungulia uzi wake sasa hivi, huu umejaa. Njooni wote huko, na mwenye picha ya zambarau aje nayo.