Mteremko wa mstari unaokatana na mwingine kwa pembe mraba

Mzazi wa kidato cha tatu: Walimu wangu, shikamooni. Binti yangu amepewa mstari 3x − 4y = 12, akatakiwa atafute mlinganyo wa mstari unaoukata kwa pembe mraba na kupita kwenye nukta (6, 1). Alipata mteremko 3/4, akageuza alama peke yake na kuandika −3/4, akakosa. Kanuni ya kupindua sehemu na kubadili alama ninaikumbuka, lakini aliponiuliza kwa nini ni lazima yafanyike yote mawili, sikuwa na jibu.

Mwalimu mstaafu: Marahaba. Kwenye karatasi ya miraba, aanzie nukta yoyote ya mstari huo, ahesabu miraba 4 kulia na 3 kwenda juu, kisha aizungushe karatasi robo mzunguko kinyume na mwendo wa saa. Ile miraba 4 iliyoelekea kulia sasa inaelekea juu, na ile 3 iliyoelekea juu sasa inaelekea kushoto, kwa hiyo kupanda ni 4, kwenda upande ni −3, na mteremko mpya ni −4/3. Kiasi na asili vimebadilishana nafasi, na alama ya hasi imeletwa na huko kushoto. Mstari wenye −3/4 ni taswira ya ule wa kwanza katika kioo tu; hufanya pembe mraba pale tu mteremko unapokuwa 1 au −1. Kilichobaki ni y − 1 = −4/3(x − 6), yaani 4x + 3y = 27.

Mkufunzi: Naongeza jambo moja: asikariri kwamba zao la miteremko ni −1 daima. Mstari y = 5 una mteremko 0, na 0 haipinduliki; unaoukata kwa pembe mraba kupitia (6, 1) ni x = 6, ambao hauna mteremko.

Mzazi wa kidato cha tatu: Ahsanteni. Tumeichora mistari yote miwili, lakini pembe yao haionekani kuwa ya mraba.

Mwalimu mstaafu: Tazameni skeli. Je, mihimili yote miwili ina kipimo kimoja?

Mzazi wa kidato cha tatu: La, Mwalimu. Sentimita 1 ni kizio 1 kwenye mhimili wa x, lakini ni vizio 2 kwenye mhimili wa y. Anachora upya.