Ushauri: daftari la duka la kijiji linaweza kuwa makala ya kitaaluma?

Mjukuu wa Karani
Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili ya historia na nimealikwa kuandika sura moja katika kitabu cha makala za wasomi kuhusu maisha ya kila siku enzi za Ujamaa. Marehemu babu alikuwa karani wa duka la ushirika kijijini, akatuachia daftari la 1981 hadi 1984. Kila kaya ina mstari wake: sukari kilo moja, sabuni nusu mche, na pembeni alama ya vema au neno "bado". Hizo "bado" ni nyingi mno. Mhariri amenirudishia rasimu, anasema hizi ni kumbukumbu za familia, si historia. Nimeumia kweli. Nifanyeje?

Msomaji wa Usiku
Pole mkuu. Tafuta kitabu cha makala kuhusu Dar es Salaam walichohariri Brennan, Burton na Lawi, kikachapishwa na Mkuki na Nyota, 2007. Kuna sura inayohusu vimini, vile ambavyo Umoja wa Vijana wa TANU ulivipiga marufuku kuanzia Januari 1969. Mwandishi anaanza na nguo, anaishia kuuliza mji ni wa nani. Nahisi rasimu yako ina daftari lakini haina swali.

Mama Watatu
Mwanangu, miaka hiyo mimi nililea. Tulifulia majani ya mpapai, tukala ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Kwenye foleni ulikuwa unaacha jiwe likushikie nafasi, unakimbia kunyonyesha, unarudi. Ila usiandike kwamba sote tulikosa sawasawa. Aliyejuana na karani alipata. Samahani kwa kumgusa marehemu.

Mpekuzi
Shikamoo mama, hapo ndipo penye swali. Mkuu, angalia vema zilienda kwa nani. Kisha pambanisha na tarehe: nchi ilitoka vitani na Idi Amin 1979 bila fedha za kigeni, 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, na 1984 wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Je, "bado" zilipungua? Soma na magazeti ya Uhuru ya miezi hiyohiyo. Majina ya kaya yabadilishe, watoto wao wapo.

Mjukuu wa Karani
Asanteni wakuu, na shikamoo mama. Nimekesha nalo. Mstari wa kaya yetu hauna "bado" hata moja, miaka yote minne. Wa jirani, aliyekuwa na watoto wengi kuliko sisi, umejaa "bado" kwa mwandiko uleule mzuri wa babu. Bibi bado yupo. Jumamosi naenda kumuuliza, kabla sijagusa rasimu.